Mkono Usiosikia Moto

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)

 

Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza habari ya mishipa, wazee wawili watatu pale nyuma waliangua kicheko. Tunajua kwa nini. Huku kwetu Pwani ukisema "mshipa" mwanamume anafikiri busha. La, leo si busha. Wala si mishipa ya damu. Tunasema juu ya mishipa ya fahamu, zile nyuzi zinazotoka kwenye ngozi zikipeleka habari hadi kwenye ubongo, ili mtu asikie joto, baridi, mguso na maumivu.

Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Katika kikundi kimoja tunachokitembelea kulikuwa na mama mmoja mpika mahamri. Jina lake tunaliacha, ingawa ameturuhusu tueleze habari yake. Mama huyu alikuwa akiepua karai la mafuta kwa mkono mtupu. Hana kitambaa, hana gunia, anashika masikio ya karai na kuliweka chini huku anaongea na wateja. Wenzake walimsifu kwamba ana mkono wa chuma. Sisi pia tulimsifu. Siku moja mbele ya kikundi kizima tulisema, "Tazameni mtu asiyeogopa kazi."

Kabla ya hapo, kama mwaka mzima nyuma, alikuwa ametuonyesha baka karibu na kiwiko, limepauka kidogo kuliko ngozi yake. Tukamwambia ni choa, anunue dawa ya kupaka. Hatukumwuliza kama linawasha. Lingekuwa choa lingewasha, na hili halikuwasha wala halikuuma. Alipaka dawa miezi na miezi. Vyeti vyetu vya diploma vilikuwa vimetundikwa ukutani siku zote hizo.

Basi, siku moja tumeketi naye jikoni, tukasikia harufu ya nyama inayoungua. Tukatazama huku na huku, hakuna aliyekuwa akichoma nyama. Ilikuwa kidole chake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeegemea ukingo wa karai, naye anaendelea kutuhadithia habari za ada ya shule.

Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Pale tulikutana na afisa wa kliniki, kijana mpole, na alichofanya hatutakisahau. Hakuanza na mashine. Alimwambia mama afumbe macho, akachukua kipande cha pamba, akawa anamgusa mkononi polepole. "Nikigusa, onyesha kwa kidole mahali." Kidole gumba, anasikia. Cha shahada, anasikia. Cha kati, anasikia. Kidole cha mwisho, kimya. Halafu akaja kwenye kidole cha pete. Akagusa upande ulioelekea kidole cha kati, mama akaonyesha. Akagusa upande wa pili wa kidole kile kile, mama akakaa tu, anangoja. Kidole kimoja, nusu kinasikia na nusu kimekufa ganzi.

Akapanda juu ya kifundo cha mkono, kwenye ngozi ya upande wa ndani. Anasikia vizuri. Akafika kwenye lile baka, kimya. Mwishoni akapapasa nyuma ya kiwiko, akatuita na sisi tupapase. Palikuwa na kitu kinene kama kamba. Akasema, "Huyu shida yake haiko shingoni. Iko hapa kwenye kiwiko."

Alijuaje? Kwa kumgusa pamba tu? Hilo ndilo somo letu la leo.

Hebu kila mmoja akunje mkono. Papasa nyuma ya kiwiko, upande wa ndani. Kuna mfupa uliochomoza, na kando yake kijibonde. Ndani ya kijibonde hicho unapita mshipa mmoja wa fahamu. Ndio ule ambao ukigonga pembe ya meza unasikia kama umeme unakwenda mpaka kidole cha mwisho. Kwa nini hadi kidole cha mwisho na si kidole gumba? Kwa sababu mshipa huo kazi yake ni kuleta habari kutoka kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ile nyingine ya cha pete vina mshipa wao mwingine, unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Mpaka wa mishipa hii miwili unapita katikati ya kidole cha pete. Mungu ameugawa mkono kama mashamba, na kila shamba lina mpaka wake.

Sasa tuelewe safari nzima. Chukueni mfano wa hapa Likoni. Asubuhi watu wanatoka Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Timbwani, wote wanakwenda kisiwani. Kwanza wanapanda matatu. Matatu moja inaweza kubeba watu wa Timbwani na wa Shika Adabu pamoja. Wakifika steji wote wanashuka. Tuseme sasa kwamba pale steji kuna sheria: kila mtu aache abiria wenzake, ajipange kwenye mstari wa kata yake, na kila kata iwe na lango lake. Wakishapita malangoni, wote wanaingia ferini.

Mwili ni hivyo hivyo. Habari ya ngozi inapanda matatu, yaani mshipa wa mkononi au mguuni. Inafika steji, ambayo kwa mkono iko kati ya shingo na kwapa, na kwa mguu iko chini ya mgongo. Hapo nyuzi zinachambuliwa na kupangwa upya. Kila kundi linaingia kwenye lango lake la uti wa mgongo. Malango haya ni jozi 31: shingoni 8, kifuani 12, kiunoni 5, chini ya kiuno 5, na 1 la mwisho kabisa kwenye kitokono. Ndani ya mifupa ya mgongo mna kamba ya fahamu, nene kama kidole cha mwisho cha mtu mzima. Hiyo ndiyo feri, na kisiwa ni ubongo. (Uso haumo katika hesabu hii. Una mishipa yake inayokwenda moja kwa moja kwenye ubongo, kama mtu anayekaa kisiwani tayari.)

Matatu ikiharibika njiani, wanaokosa kufika ni abiria wa matatu ile, baadhi wa kata hii na baadhi wa kata ile. Lango likifungwa, wanaokosa kufika ni watu wa kata moja, hata kama walipanda matatu mbalimbali. Na feri ikizama, hakuna anayefika.

Ndiyo maana yule kijana aligusa kidole cha pete. Lango la 8 la shingo linapokea habari za upande wa kidole cha mwisho, lakini kata yake kwa kawaida haikati kidole cha pete vipande viwili, na inapanda juu kidogo kwenye mkono kupita kifundo. Mama huyu ganzi yake ilikata kidole katikati na kukoma kwenye kifundo. Kwa hiyo lango lilikuwa wazi. Matatu ndiyo iliyoharibika, na iliharibikia kiwikoni.

Mnaweza kuuliza, lango likifungwa inakuwaje? Wengi wenu mmeona mkanda wa jeshi. Vipele vyenye maji, vinaungua kama moto, vimejipanga mstari kutoka mgongoni kuja mbele, upande mmoja tu wa mwili. Jina lake limesema kweli, ni mkanda hasa, maana kifuani na tumboni kila lango lina ukanda wake wa ngozi unaozunguka ubavuni. Mtu aliyewahi kuugua tetekuwanga hubaki na virusi vyake vimelala katika vifundo vidogo kando ya uti wa mgongo, karibu na malango hayo. Kinga ya mwili ikipungua, kwa uzee au kwa ugonjwa, virusi vinaamka katika lango moja na kuteremka na mshipa wake mpaka kwenye ngozi.

Wapo wanaosema mkanda ukikutana mbele na nyuma mtu anakufa. Si kweli. Kwa kawaida haukutani kwa sababu lango la kulia ni jingine na la kushoto ni jingine. Na wale tunaokumbuka miaka ya 1990, tunakumbuka majirani walivyonong'ona mtu akitoka mkanda. Ni vizuri kupima ukimwi, ndiyo, na dawa zipo. Lakini mkanda unampata hata mzee asiye na virusi hivyo kabisa. La muhimu ni kuwahi hospitali ndani ya siku 3 tangu vipele kutoka, na kama viko karibu na jicho, siku hiyo hiyo.

Kwa wagonjwa wa mkanda ndipo daktari Mwingereza, Henry Head, alipopata njia ya kuchora ramani ya malango haya kwenye ngozi. Yeye na mwenzake Campbell waliichapisha mwaka 1900. Mwaka 1903 akafanya jambo la kushangaza: alikubali mshipa wa fahamu ukatwe kwenye mkono wake mwenyewe na kushonwa, kisha yeye na rafiki yake Rivers wakawa wanapima kwa miaka ngozi inavyorudi kusikia kidogo kidogo. Mshipa uliokatwa na kushonwa hukua kama milimita 1 kwa siku. Hesabuni kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, mtaona ni mwaka na zaidi.

Ramani hiyo ni rahisi kuikumbuka. Kidole gumba cha mkono ni lango la 6 la shingo, cha kati la 7, cha mwisho la 8. Chuchu ni lango la 4 la kifua. Kitovu ni la 10 la kifua. Juu ya wayo na kidole gumba cha mguu ni la 5 la kiuno. Makalio na sehemu za siri ni ya mwisho mwisho. Mtu akiona ajabu kwamba makalio yanakuja baada ya miguu, ainame kwa mikono na miguu kama mbuzi. Mkia uko wapi? Nyuma kabisa.

Sasa tuje kwenye feri, na hapa tunawaomba wale wenye ndugu wagema watusikilize sana. Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, kamba ya fahamu inaweza kuumia. Ikiumia pale kwenye lango la 10 la kifua, kutoka kitovuni kwenda chini hasikii kitu. Anapoanguka, tafadhali, msimnyanyue wawili mikononi na wawili miguuni kama gunia la nazi. Shikeni kichwa, shingo na mgongo vibaki katika mstari mmoja, mlazeni juu ya mlango au ubao, mumfunge asitikisike, ndipo muite gari.

Na akirudi nyumbani hatembei, kazi ndipo inaanza. Tulimkuta mzee mmoja huku Kisauni amelala chali wiki kadhaa. Mkewe alituambia, "Hanisumbui, halalamiki." Tulipomgeuza tuliona vidonda viwili vya kulalia, kimoja tuliona mfupa. Angelalamikaje? Mtu mzima wa kawaida akilala anajigeuza usiku mzima bila kujua, kwa sababu ngozi inamwambia imechoka. Ngozi ya mzee yule ilikuwa haina pa kupelekea habari. Mtu kama huyo ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na mtu amtazame visigino, nyonga na mgongo kwa macho. Kikundi kinaweza kugawana zamu. Hiyo ni kazi ya kikundi kuliko hata kununua viti vya kukodisha.

Makuli wa Changamwe wao wanajua shida nyingine, maumivu yanayoshuka kutoka makalioni hadi kidole gumba cha mguu baada ya kubeba mizigo mizito. Mara nyingi ni lango moja la kiuno lililobanwa. Wengi hupata nafuu. Lakini mtu mwenye maumivu ya mgongo akianza kusikia ganzi pale anapokalia tandiko la baiskeli, na mkojo au choo kikakataa kutoka au kikatoka chenyewe, huyo asingoje asubuhi. Aende hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Wenye ugonjwa wa sukari ganzi yao haifuati lango wala matatu. Inaanza vidoleni, miguu yote miwili sawa, inapanda kama soksi. Sababu ni urefu wa safari. Mshipa unaoleta habari kutoka kidole cha mguu hadi mgongoni kwa mtu mzima unafika kama mita 1, na sukari inaharibu kwanza iliyo mirefu. Dalili moja tunayoiona sana ni hii: kandambili inavuka mguuni njiani, mwenyewe anaendelea kutembea, mpaka mtoto amkimbilie, "Bibi, umeacha kiatu!" Msicheke. Mpelekeni akapimwe.

Turudi kwa mama wa mahamri. Ugonjwa wake ulikuwa ukoma.

Tunaona mmenyamaza. Ndivyo kikundi chake kilivyonyamaza pia. Neno hili tumelisikia katika Maandiko tangu utotoni, na wazee wa Kwale wanakumbuka Tumbe kule Msambweni, ambako wagonjwa wa ukoma waliwekwa kando. Wengine mlifikiri umekwisha. Umepungua sana, lakini wagonjwa wapya bado wanapatikana, na Kwale na Kilifi ni kati ya kaunti hizo.

Kijidudu cha ukoma, kilichogunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, kinapenda mahali penye ubaridi kidogo, na kinapenda mishipa ya fahamu. Ndiyo maana kinakaa pale ambapo mshipa umepita karibu na ngozi: kiwikoni, kifundoni, kando ya goti, kwenye kifundo cha mguu. Hakili vidole. Zamani watu waliamini nyama inaoza yenyewe. Daktari Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, ndiye aliyefuatilia majeraha ya wagonjwa wake moja moja akaona kwamba wanaungua, wanajikata, wanaumwa na panya usingizini, na hawana habari. Vidole vinaharibika kwa sababu hakuna maumivu ya kumwambia mtu aondoe mkono.

Kikundi kilikaa mara tatu juu ya mama huyu. Wapo waliotaka aondolewe kwenye biashara, kwamba wateja watakimbia. Mmoja alitaka hata pesa zake za mchezo zirudishwe ili asishike noti za wenzake. Sisi tulikwenda na yule afisa wa kliniki akawaeleza. Ukoma hauambukizi kwa mahamri wala kwa noti. Unapita kwa hewa ya puani na mdomoni, kwa kukaa karibu na mgonjwa asiyetibiwa muda mrefu, na watu wengi mno, karibu 95 kati ya 100, miili yao inaushinda wenyewe. Akishaanza dawa, muda mfupi tu haambukizi tena. Dawa ni mchanganyiko ulioshauriwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na tangu 1995 unatolewa bure: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Ulizeni palepale panapotibiwa kifua kikuu. Watu wa nyumba yake nao walikaguliwa.

Ila kuna jambo ambalo dawa haikuweza. Ganzi ikigunduliwa mapema, kabla ya miezi 6, kuna dawa nyingine ya kupoza mshipa uliovimba, na mara nyingi fahamu inarudi. Yake ilikuwa imepita huo muda. Ilikuwa imepita wakati anapaka dawa ya choa tuliyomshauri sisi. Amepona ukoma kabisa, ana karatasi ya hospitali inayosema hivyo, lakini vidole viwili vimejikunja na havisikii mpaka leo.

Kwa hiyo tunawaomba, katika mkutano wenu ujao, mje na unyoya wa kuku. Mkae wawili wawili, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Mmoja afumbe macho, mwenzake amguse mikononi, miguuni, na juu ya kila baka la ngozi, naye aonyeshe mahali alipoguswa. Msitumie sindano, msitumie moto. Baka lisilosikia unyoya halipakwi dawa ya dukani, linapelekwa hospitali. Asiyesikia nyayoni akapimwe sukari. Na mwenye ganzi ya zamani ajifunze kutazama pale ambapo hawezi kusikia: atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, na mkono huo uwe ule mzima.

Mama yetu bado yuko kikundini. Karai sasa anaepua mwenzake, yeye anakanda unga na kuhesabu pesa. Upawa wake una mpini mrefu wa mti, na kitambaa kimefungwa kwenye kamba ya kiuno ili asikisahau. Kila jioni, akishaosha mikono, binti yake wa darasa la 6 anawasha taa na kuigeuza mikono ya mamake, kidole kimoja kimoja, anatafuta lengelenge.